Taa ni ya Anayekuja

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja linalobeba mambo mawili yasiyopatana hata kidogo. Neno lenyewe ni "mwanga". Mwanga ni nuru, ile inayofukuza giza. Lakini mwanga pia ni mchawi, yule atokaye usiku wa manane kuwanga wakati wenzake wamelala. Mimi nimezaliwa Kileo, katika wilaya iitwayo Mwanga, chini ya milima ya Upare, na tangu nikiwa mtoto watani wetu hawakuchoka kutuuliza: "Ninyi watu wa Mwanga, ni mwanga upi huo?" Tulicheka, yakaisha. Sikujua kwamba swali hilohilo ningelikuta mbali sana na kwetu, katika nchi ya theluji, na kwamba lingenirudisha nyumbani nikiwa na aibu moyoni.

Leo basi nataka tuzungumze juu ya sikukuu ya nuru ya Waswidi, iitwayo Lucia, ambayo huadhimishwa kila tarehe 13 Desemba. Lakini ili unielewe, sina budi kuanzia Kileo.

Kileo iko tambarare, ng'ambo ya kusini ya Kilimanjaro, mahali ambapo mto Ruvu unatoka Ziwa Jipe ukielekea Bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapo bwawani Ruvu hukutana na Kikuletwa, nao wakitoka hapo huitwa mto Pangani. Mwaka 1968 mitambo ya Nyumba ya Mungu, yenye uwezo wa megawati 8, ilianza kufua umeme. Maji hayohayo yakiteremka huzungusha mitambo ya Hale, kisha ile ya Pangani mpya yenye megawati 68, ambayo ilikamilika mwaka 1995 kwa msaada wa Finland, Norway na Uswidi. Kwa hiyo maji yaliyopita mbele ya macho yetu yaliwasha taa za Tanga, za Moshi na hata za Dar es Salaam. Sisi tuliosimama ukingoni tuliwasha koroboi.

Vijana wa leo huenda hawaijui koroboi. Ni kikopo cha bati chenye mafuta ya taa na utambi wa kitambaa, chenye moshi mwingi kuliko mwanga. Nyumbani kwa bibi yangu, mama yake mama, koroboi iliwekwa dirishani kila jioni. Mafuta yalikuwa ya kupimwa kwa kifuniko cha chupa, na sisi wajukuu tulitaka taa iwe mezani tusomee. Bibi alikataa. Alisema: "Taa si ya aliye ndani. Aliye ndani anajua kigoda kiko wapi. Taa ni ya anayekuja."

Miaka ilipita. Nilisoma, nikapata stashahada ya uandishi wa habari, nikaingia redioni. Umeme nao ulifika kwetu. Bibi akaanza kupoteza macho. Kwanza alilalamika kwamba mchele una ukungu, kisha akashindwa kututofautisha wajukuu mpaka tuseme. Kila nilipokwenda likizo nilimwambia: "Bibi, likizo ijayo nakupeleka hospitali." Naye alijibu: "Haya, baba." Hiyo likizo ijayo ilidumu miaka sita.

Ndipo mwaka 2016 nikapata nafasi ya kwenda Uswidi kwa mafunzo mafupi ya utangazaji, katika mji wa Uppsala, kaskazini mwa Stockholm. Uppsala ni mji wa kale, wenye kanisa kuu kubwa na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1477. Lakini mgeni afikaye huko Desemba haoni ukale wala ukubwa. Huona giza. Jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Hata hilo lililochomoza halipandi. Linatambaa pembezoni mwa anga kama mtu anayepita nyuma ya ua. Sisi wa Ikweta tumezoea kugawana sawa, saa kumi na mbili za mchana na saa kumi na mbili za usiku, mwaka mzima. Kule nilikwenda darasani gizani na kurudi gizani. Wiki ya pili nilianza kuota ndoto za jua la Kileo, lile ambalo nikiwa nyumbani nalilaani.

Jambo moja lilinishangaza. Karibu kila dirisha la mji ule lilikuwa na taa ndogo au mishumaa ya umeme, na mapazia hayakufungwa. Nilimuuliza mwenyeji wetu kama taa hizo ni za biashara. Alicheka, akasema ni desturi tu, zinawekwa ili apitaye njiani aone kuna watu. Nilinyamaza. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kabla, kwa Kiswahili cha Upareni.

Mwenyeji huyo ndiye aliyenipeleka alfajiri ya Jumanne, tarehe 13 Desemba, katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Alikuwa na shangazi yake humo, na alisema shangazi huyo ameomba aletewe "mtu wa Tanzania". Tulifika saa kumi na mbili na nusu. Ukumbi ulikuwa umezimwa taa. Wazee wapatao thelathini walikuwa wameketi kimya, wengine kwenye viti vya magurudumu, mablanketi magotini.

Kisha tukasikia sauti za watoto kutoka mbali, mwisho wa ujia. Wimbo ulikuja polepole, na mbele ya wimbo ulikuja mwanga. Msichana wa miaka kama kumi na minne alitangulia, amevaa kanzu nyeupe ndefu na mshipi mwekundu kiunoni, na kichwani ana taji lenye mishumaa inayowaka. Nyuma yake walifuata wasichana wengine wenye kanzu nyeupe, kila mmoja na mshumaa mkononi, na wavulana waliovaa kofia ndefu zenye ncha, zilizopambwa nyota. Walipita katikati ya wazee, wakasimama, wakaimba. Mzee mmoja karibu yangu, ambaye niliambiwa hakuwa amesema neno kwa majuma kadhaa, alikuwa akifuatisha maneno ya wimbo kwa midomo, bila sauti.

Ndugu msikilizaji, Lucia huyo ni nani? Jibu la kwanza la kushangaza ni kwamba hakuwa Mswidi. Alikuwa msichana wa mji wa Siracusa katika kisiwa cha Sicily, kusini mwa Italia. Aliuawa kwa ajili ya imani yake ya Kikristo yapata mwaka 304, wakati wa mateso ya Kaisari Diocletian. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya nuru. Masimulizi yanasema kwamba alikuwa akiwapelekea chakula Wakristo waliojificha kwenye mahandaki ya chini ya ardhi, na kwa kuwa mikono yake yote ilishika chakula, alifunga mishumaa kichwani ili aione njia. Masimulizi mengine yanasema kwamba aling'olewa macho. Ndiyo sababu Wakatoliki humwomba kama msimamizi wa vipofu na wenye ugonjwa wa macho, na ule mshipi mwekundu unaelezwa kuwa ni damu yake.

Sasa mtakatifu wa Sicily alifikaje kwenye theluji? Kwanza kwa kalenda. Katika karne ya 14, kwa hesabu ya kalenda ya zamani ya Julius Kaisari, usiku mrefu kuliko wote wa mwaka uliangukia karibu na tarehe 13 Desemba. Waswidi waliiacha kalenda hiyo mwaka 1753, wakaruka kutoka tarehe 17 Februari moja kwa moja hadi Machi mosi. Tangu hapo usiku mrefu kuliko wote huangukia tarehe 21 au 22 Desemba, lakini katika mazoea ya watu ulibaki pale pale kwenye siku ya Lucia. Aidha, mageuzi ya kanisa ya karne ya 16 yaliifanya Uswidi kuwa nchi ya Kilutheri, na watakatifu wengi wakaondolewa katika maisha ya watu. Lucia hakuondoka. Sisi Walutheri wa Upareni, tulioletewa Injili na wamisionari wa Leipzig wa Ujerumani, hatukufundishwa habari zake.

Na hapa ndipo swali la watani wetu linaporudi. Kabla ya huyu binti wa taji, wakulima wa nchi zile za kaskazini walikuwa na mwingine wa usiku huohuo, jina lake Lussi. Huyo alikuwa pepo wa kike, mwanga kwa maana ile ya pili. Usiku wake ulihofiwa. Ilisemekana kwamba wanyama zizini husema kama watu, na kwamba ole wake aliyechelewesha kazi zake za mavuno. Mchawi wa giza na binti wa nuru wakawa na usiku mmoja na karibu jina moja, sawasawa na neno letu "mwanga". Watu wa kule hawakumfukuza mchawi kwa fimbo. Walileta mshumaa, yeye akaondoka polepole.

Taarifa ya kwanza inayojulikana ya Lucia mwenye mavazi meupe ni ya mwaka 1764, kutoka jumba moja la wenye mashamba katika jimbo la Västergötland. Na tazama ajabu: aliyeiandika alikuwa mgeni. Alilala hapo, akaamshwa usiku kwa wimbo, akamwona msichana wa mavazi meupe mwenye mshumaa, na chakula kikiletwa nyuma yake. Wenyeji waliona ni jambo la kawaida lisilostahili wino. Katika karne ya 19 wanafunzi wa vyuo vya Uppsala na Lund waliisambaza desturi hiyo, na kisha mwaka 1927 gazeti moja la Stockholm likaandaa shindano la kumchagua Lucia wa mji. Baada ya hapo kila mji ukataka wa kwake. Kwa hiyo sikukuu ambayo leo huitwa ya jadi ilienezwa nchi nzima na waandishi wa habari. Wenzangu wa kalamu na kipaza sauti tujue uzito wa kazi yetu.

Wimbo wenyewe nao ni wa kuazima. Tuni yake ni ya mabaharia wa Napoli, ilichapishwa na Teodoro Cottrau mwaka 1849, Waswidi wakaitungia maneno yao katika miaka ya 1920. Na baada ya wimbo tuliletewa chakula, nami nikakuta nimeketi mezani na Afrika Mashariki. Kulikuwa na mikate midogo ya manjano iliyokunjwa kama herufi S, yenye zabibu mbili zinazokutazama kama macho. Umanjano ule ni zafarani, ileile ya biriani. Biskuti zao nyembamba zilikuwa na tangawizi, mdalasini na karafuu. Nilipozionja niliona mbele yangu mashamba ya tangawizi ya Mamba Myamba kule Same, na mikarafuu ya Pemba.

Kwa hiyo mtakatifu ni wa Sicily, tuni ni ya Napoli, viungo ni vya nchi za jua. Cha Waswidi ni nini? Ni giza, na ule uamuzi wa kuamka alfajiri kila mwaka kumpelekea mwingine mwanga. Nasema hivi kwa sababu Desemba ileile ya 2016 kulitokea kelele. Duka moja kubwa lilitoa tangazo lenye picha ya mtoto mwenye ngozi nyeusi amevaa taji la Lucia. Watu wengine wakamwaga matusi mabaya hadi tangazo likaondolewa. Waswidi wengine wengi waliona haya, wakasimama upande wa mtoto. Mimi nilisoma habari ile nikiwa na biskuti ya karafuu mkononi, nikajiuliza kama watukanaji wale wanajua kwamba Lucia mwenyewe, angefika leo kutoka Siracusa, angekuwa mgeni mwenye kuulizwa karatasi zake. Mila haiharibiwi na wageni. Imejengwa nao.

Turudi ukumbini. Yule shangazi alikuwa ameketi dirishani, nywele nyeupe, mgongo umenyooka. Nikamsogelea, nikamwambia habari za asubuhi kwa Kiingereza. Akanikazia macho, akasema kwa Kiswahili safi: "Mwanangu, shikamoo siku hizi imefutwa?"

Nilitaka ardhi inimeze. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sasa keti."

Alikuwa muuguzi. Katika miaka ya 1960 alifanya kazi Kibaha, katika ule mradi wa nchi za Nordiki wenye shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, ambao ulikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Kiswahili chake kilikuwa cha wakati ule, kisichochanganywa na kitu. Aliniuliza habari za barabara, za mvua, za bei ya unga. Nami, kwa kutaka kumliwaza, nikasema neno la kijinga. Nikamwambia kwamba kwetu hatuwapeleki wazee kwenye nyumba kama hizi, kwamba sisi wazee wetu tunakaa nao.

Hakukasirika. "Vizuri sana," akasema. "Na wewe una mzee?"

"Nina bibi. Yuko Kileo, Upareni."

"Hajambo?"

"Hajambo. Ila macho tu. Ana mtoto wa jicho."

"Tangu lini?"

"Kama miaka sita sasa."

Aliweka kikombe chini. "Miaka sita," akasema. "Mtoto wa jicho. Mnangoja nini?"

Sikuwa na jibu. Nyuma yake watoto walikuwa wakizima mishumaa mmoja mmoja, na dirishani bado kulikuwa na giza totoro ingawa ilikuwa karibu saa mbili. Mama yule akaniambia taratibu, kama anayemweleza mgonjwa: "Mimi hapa niko mbali na watoto wangu, ni kweli. Lakini leo watoto ambao siwajui wameamka saa kumi ili mimi nione mwanga. Bibi yako anakaa na watu wake. Nani ameamka kwa ajili yake?"

Ndugu msikilizaji, nimehojiwa na kuhoji kwa miaka mingi. Sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo.

Nilirudi nyumbani kabla ya Krismasi. Januari 2017 nilimpeleka bibi hospitali. Mtoto wa jicho, kwa wasiofahamu, ni ukungu unaoifunga lenzi ya jicho. Hauondolewi kwa dawa ya kutia wala kwa majani. Huondolewa kwa upasuaji mfupi, na lenzi ya bandia huwekwa mahali pake. Jicho la kulia lilifanikiwa. La kushoto daktari alilitazama kwa muda mrefu, kisha akatuambia kwamba, mbali na mtoto wa jicho, limepata pia presha ya jicho, ambayo imekwisha kuua mshipa. Nuru ya jicho hilo haitarudi. Kama ingegunduliwa mapema ingezuiwa. Hakunilaumu. Hakuhitaji.

Siku bandeji ilipofunguliwa, bibi alinitazama kwa jicho moja muda mrefu bila kusema, halafu akasema: "Kumbe umeanza mvi." Wote wodini wakacheka, nami nikacheka, na machozi yakanitoka. Aliishi miaka minne mingine. Katika miaka hiyo alichagua mchele wake mwenyewe, na kila jioni aliinuka kwenda kuwasha taa ya umeme ya barazani kwa mkono wake. Ukimwambia bili itapanda, alikujibu lile lile la siku zote.

Nimeisimulia historia ya Lucia kwa kirefu kwa sababu moja. Sisi tuna kawaida ya kuzitazama mila za wenzetu kwa namna mbili, ama kuziiga na puto zake, ama kuzicheka. Ipo njia ya tatu, nayo ni kuuliza mila hiyo inatengeneza nini katika moyo wa anayeitunza. Hatuna haja ya taji la mishumaa Upareni. Usiku wetu ni wa saa kumi na mbili, hauzidi. Lakini lile la kumpelekea mwanga asiyeweza kuufuata mwenyewe, hilo halikuwa geni kwetu hata kidogo. Zamani moto ukizimika kwa jirani, alipelekewa kaa la moto kwenye kigae, na aliyelipeleka hakuhesabu kuwa amepungukiwa. Bibi yangu na koroboi yake alikuwa anaitunza mila ileile. Mimi msomi ndiye niliyeiona kuwa ni ukaidi wa kikongwe.

Kila Desemba mabasi hujaa watu wa Upareni na Uchagani wanaorudi nyumbani kula sikukuu. Tunabeba mchele, vitenge, sukari na simu mpya za kujionyesha. Ni vizuri. Lakini ukifika, kabla hujachinja mbuzi, keti na mzee wako mlangoni penye mwanga. Mwonyeshe vidole, umuulize ni vingapi. Mwulize mchele una ukungu tangu lini. Akikujibu, usimwambie likizo ijayo. Mtoto wa jicho husubiri, lakini magonjwa mengine ya macho hayasubiri, na wewe huwezi kujua kwa kutazama ni lipi lililo ndani.

Sisi wenye macho tunajua kigoda kiko wapi. Taa si yetu.

Hadi juma lijalo, Mungu akipenda, kwaherini.